Naingia mwaka wa tatu chuoni na nataka kurusha ndege za jeshi: nianzie wapi?

Swali: Shikamoo. Nina miaka 20, naishi na wazazi wangu Fort Worth, Texas. Tuliingia Marekani kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, nilipokuwa na miaka 10. Baba aliapa uraia nikiwa na miaka 16, mimi bado natumia grini kadi. Nasoma biolojia, Agosti naingia mwaka wa tatu, GPA yangu ni 3.1 na navaa miwani. Ndoto yangu ni urubani wa jeshi. Rikruta (mwandikishaji wa jeshi) niliyemkuta kaniambia nisaini kwanza kama askari wa kawaida, urubani utafuata. Mama anasema nimeshachelewa, na tena jeshi litaanza kuchimba habari za ndugu zetu waliobaki Bukavu na kambini. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Usisaini chochote kwanza. Nitaeleza sababu, lakini kuna jambo kubwa zaidi ndani ya barua yako ambalo naona limekupita: inawezekana kabisa kwamba wewe ni raia wa Marekani tangu ukiwa na miaka 16.

Sheria ya uraia wa watoto ya mwaka 2000 inasema hivi. Mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye ukaaji wa kudumu (ndiyo grini kadi), anayeishi Marekani chini ya malezi halali ya mzazi, huwa raia siku ileile mzazi huyo anapopata uraia. Haapi, hajazi fomu, hapelekewi barua. Ndiyo maana vijana wengi wa familia zilizokuja kama wakimbizi wanabaki na grini kadi mfukoni miaka na miaka wakidhani bado zamu yao. Kama ulikuwa ukiishi na baba yako alipoapa, na grini kadi ulikuwa nayo, kinachokosekana ni ushahidi tu. Njia nyepesi ni kuomba pasipoti ya Marekani: unapeleka cheti cha uraia cha baba, grini kadi yako na hati inayoonyesha kwamba yeye ni baba yako. Kipo pia cheti maalumu cha uraia, kinaombwa kwa fomu N-600, ila ada yake ni kubwa mara kadhaa kuliko ya pasipoti. Anza na pasipoti. Kama kuna utata wowote, kwa mfano malezi au jina la baba halilingani kwenye hati ya kambi, muone mwanasheria wa uhamiaji. Mashirika yaliyowapokea wakimbizi mara nyingi yana mwanasheria wa bei nafuu.

Kwa nini naanza hapa? Kwa sababu Marekani haimpi kamisheni, yaani cheo cha afisa, mtu asiye raia. Mwenye grini kadi anaweza kuwa askari, afisa hapana. Na rubani wa Jeshi la Anga, wa Wanamaji au wa Marini (Marine Corps) ni afisa. Yule rikruta aliiona grini kadi yako akakupa jibu linalomfaa mwenye grini kadi. Simlaumu sana. Kazi yake ni kuandikisha askari, wala maafisa hawapiti mezani kwake. Ana malengo yake ya mwezi, na wewe ulikaa mbele yake ukiwa na afya na kitambulisho.

Hilo la "saini kwanza, utaruka baadaye" wapo waliolifuata wakafika. Ila elewa unachokubali. Mkataba wa kwanza wa askari wa kazi ya kudumu kwa kawaida ni miaka minne hadi sita. Ndani ya miaka hiyo utamalizia shahada usiku na mtandaoni, kisha utaomba uafisa ukihitaji baraka za wakuu wako, ambao wanaweza kuwa wanakuhitaji palepale ulipo. Mtu aliyebakiza miaka miwili ya chuo akiiacha ili aizunguke kwa miaka sita, mimi siioni faida yake. Unapopiga simu safari nyingine, tamka wazi kwamba unamtafuta mwandikishaji wa maafisa. Kila jeshi linao, mara nyingi ofisi yao iko mbali na ile ya kwenye maduka makubwa, na huenda ukasubiri wiki nzima kujibiwa.

Sasa hilo la kuchelewa. Mama ana haki kwa njia moja na amekosea kwa nyingine nne.

Chuo cha Jeshi la Anga cha Colorado Springs kiache. Huko mtu anaanza upya mwaka wa kwanza na anahitaji kupendekezwa na mbunge wake. ROTC ya Jeshi la Anga, mafunzo ya uafisa yanayofanywa ukiwa chuoni, nayo kwako imebana. Jirani yako kuna kikosi chake pale chuo kikuu cha TCU, na kikosi hicho hupokea hata wanafunzi wa vyuo vingine vya karibu, lakini kwa kawaida wanataka uwe umebakiza miaka mitatu ya masomo ili upite mafunzo ya uwanjani ya kiangazi kabla ya kuingia hatua ya pili. Wewe umebakiza miwili. Ungeongeza shahada ya pili au ya uzamili hesabu ingekubali. Kama ulikuwa na mpango huo tangu zamani, nenda ukawaulize. Kama hukuwa nao, usikope ada ya mwaka mzima ili kuupata mlango mmoja tu.

Mlango unaokaa sawasawa na kalenda yako ni wa Marini. Wana mpango unaoitwa PLC, uliotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi. Aliye mwaka wa kwanza au wa pili huenda Quantico, Virginia, kwa viangazi viwili vya wiki sita. Aliye mwaka wa tatu huenda mara moja, wiki kumi. Chuoni hakuna gwaride wala sare, na mafunzoni unalipwa. Kilicho bora zaidi, unaweza kuingia ukiwa na mkataba wa urubani tayari: ukifaulu mtihani wa ASTB na uchunguzi wa afya, nafasi ya kwenda shule ya urubani inaandikwa kabla hujaenda kubwagwa matopeni Quantico. Ukimaliza wiki kumi ukaona haya si maisha yako, unaweza kukataa kamisheni ukaenda zako. Sijui mpango mwingine wa kijeshi unaompa mtu fursa ya kuonja kiasi hicho kabla ya kujifunga. Kwako ingekuwa hivi: unaomba mwaka wa tatu ukiendelea, unakwenda kiangazi kabla ya mwaka wa nne, unapewa kamisheni ukihitimu. Halafu kuna miezi sita mingine Quantico ambako kila afisa wa Marini, awe rubani au mwanasheria, hujifunza kuongoza askari wa miguu, ndipo upelekwe Pensacola, Florida, kuanza anga. Kama kutembea usiku na mzigo mgongoni hukupendi, lijue hilo mapema.

Jeshi la Nchi Kavu nalo lina ROTC inayopokea watu walioruka miaka miwili ya kwanza, mradi waende kambi ya kiangazi Fort Knox, Kentucky, kabla ya mwaka wa tatu. Yaani kiangazi hiki. Hapo ndipo muda wako ulipobana kweli, kwa hiyo ofisi yao, UTA (Chuo Kikuu cha Texas, Arlington) au chuo chochote kilicho karibu, iandikie wiki hii. Rubani wa huko ni rubani wa helikopta. Tena, kuingia ROTC hakukuhakikishii urubani. Unashindania tawi, yaani kitengo utakachotumikia, na wenzako mwaka wa mwisho. Jeshi hilohilo lina njia ya maafisa waranti, cheo kilicho kati ya askari wa kawaida na afisa, na njia hiyo haidai shahada kabisa: mtihani wake ni SIFT, unafanyiwa mafunzo Fort Rucker, Alabama, na kazi yako inakuwa kuruka, ukiwa na majukumu machache ya kuongoza watu. Mtu anayependa ndege kuliko vyeo hiyo ni njia nzuri sana, na vijana wetu hawaifahamu. Angalia tu kwamba SIFT hufanywa mara mbili maishani, na ukishafaulu huruhusiwi kurudia hata kama alama zako zilikuwa za kubahatisha.

Wanamaji na Jeshi la Anga wote wana shule za maafisa kwa waliohitimu vyuo vya kiraia: Newport, Rhode Island, kwa Wanamaji, na Maxwell, Alabama, kwa Jeshi la Anga. Maombi unaweza kuanza ukiwa mwaka wa mwisho. Kwa hiyo hata usipofanya lolote sasa, mlango huu utaukuta wazi, ila utaukuta na foleni.

Njia ya mwisho ndiyo ningekusukumia kama tungekuwa tumekaa pamoja: Gadi ya Taifa ya Anga na Jeshi la Akiba la Anga. Huko kikosi chenyewe ndicho kinachoajiri rubani wake. Hapo Fort Worth kuna kikosi cha 136 cha Gadi kinachorusha ndege za mizigo za C-130J, San Antonio kuna cha 149 chenye ndege za kivita za F-16. Kikosi hutangaza nafasi, watu huleta maombi, wachache huitwa kuhojiwa na marubani ambao watakaa nao miaka ishirini. Kwa hiyo wanataka kumjua mtu. Wanaotaka nafasi huomba kutembelea kikosi wikiendi za mazoezi, wakasalimiana, wakauliza maswali ya maana, wakarudi tena baada ya miezi. Sisi tuliolelewa kusubiri kuitwa na wakubwa hapa tunajikwaa: kijana ana alama nzuri, anatuma barua pepe moja, anakaa kimya akihofia kusumbua. Huku kutojitokeza kunasomwa kama kutotaka. Nenda na shati lililopigwa pasi, usiende na zawadi. Na kama kuna mahali ambapo ushauri wa "ingia kwanza kama askari" una mantiki, ni hapa, kwa sababu askari wa Gadi hutumikia wikiendi moja kwa mwezi huku akiendelea na chuo palepale mjini, na vikosi vingi hupenda kumpeleka urubani mtu wao wa ndani. Lakini ufanye hivyo kwenye kikosi chenye ndege unayoitaka, baada ya kuzungumza na marubani wake.

Biolojia haina shida. Shahada yoyote inakubalika. GPA ya 3.1 haitakufungia mlango, ila haitakubeba pia, kwa hiyo mihula iliyobaki iwe na alama zinazopanda. Wanaochagua huangalia mwelekeo.

Mtihani ndio utakaokubeba. Wa Jeshi la Anga ni AFOQT, karibu saa tano, sehemu 12. Nakueleza siri ambayo haijafichwa ila watu hawaitazami: alama ya urubani inatokana na sehemu nne tu, hesabu, kusoma jedwali, kusoma vyombo vya ndege na maarifa ya anga. Msamiati wa Kiingereza haumo. Upo kwenye alama nyingine, ya lugha, ambayo inatakiwa ufikie 15 tu katika mizani ya 1 hadi 99, wakati ya urubani ni angalau 25. Kijana aliyeanza Kiingereza akiwa na miaka 10 akifungua kitabu cha mazoezi huenda moja kwa moja kwenye msamiati kwa sababu ndiyo hofu yake, akatumia mwezi mzima huko. Wewe gawa muda wako kinyume. Jedwali ni maswali 40 kwa dakika 7. Vyombo vya ndege ni maswali 25 kwa dakika 5: unaonyeshwa dira na chombo cha upeo wa macho, unachagua picha ya ndege iliyoinama vile. Hayo ni mambo ya mazoezi ya kila siku, dakika ishirini ishirini, mpaka mkono uwe mwepesi. Na usiridhike na 25. Hicho ni kiwango cha kuruhusiwa kuomba, wanaochaguliwa wako juu zaidi.

Baadaye kuna kipimo cha kompyuta cha TBAS, chenye usukani na pedali. Alama yake huchanganywa na ile ya urubani na saa ulizoruka mwenyewe, vikazaa PCSM, namba moja kati ya 1 na 99 ambayo utaisikia ikitajwa kila unakokwenda. Wanamaji na Marini wao hutumia ASTB, na huo una nafasi tatu maisha yako yote. Usiende "kuujaribu uone ulivyo".

Miwani. Jeshi la Anga linakubali uoni wa mbali hadi 20/70 bila miwani (yaani ukiwa futi 20 unaona kile ambacho mwenye macho mazima anakiona akiwa futi 70), Wanamaji na Marini 20/40, mradi ukivaa miwani ufike 20/20 na uwe unaona rangi vizuri. Upasuaji wa leza unakubalika kwa masharti kuhusu namba ya miwani uliyokuwa nayo kabla na muda wa kupona. Usikimbilie kufanyiwa. Nenda kwa daktari wa macho, mwombe akuandikie uoni wako bila miwani na namba ya lenzi, uwe nayo mkononi. Kuhusu kimo, zamani Jeshi la Anga lilidai futi 5 na inchi 4 kwenda juu. Mwaka 2020 waliliondoa sharti hilo, siku hizi wanakupima miguu, mikono na urefu wa kukaa wakalinganisha na ndege.

Mambo mawili ya afya yanawahusu zaidi watu wa kwetu. La kwanza ni kifua kikuu. Wengi wetu tuna kovu la chanjo ya BCG, na kipimo cha ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu ya chanjo hiyo ukaambiwa una maambukizi yaliyolala. Omba kipimo cha damu, ambacho hakidanganywi na BCG. Na kama ulipewa dawa za kinga mlipofika Marekani, tafuta karatasi za idara ya afya zinazoonyesha kwamba ulizimaliza. La pili ni siko seli. Jeshi litakupima. Ugonjwa wenyewe unamzuia mtu, lakini kurithi upande mmoja tu bila dalili hakumzuii tena kuruka. Natamka "tena" kwa sababu hadi mwaka 1981 chuo cha Colorado Springs kilikuwa kinawakataa vijana weusi kwa hilo. Wazee waliofika hapa zamani bado wanaamini ndivyo ilivyo, na wanawakatisha tamaa watoto.

Ukijaza fomu za afya, sema yote, hata pumu ya utotoni. Siku hizi mfumo wa jeshi huvuta kumbukumbu za hospitali na maduka ya dawa. Ugonjwa uliotajwa unaweza kuombewa msamaha. Uliofichwa ukagunduliwa unaharibu jina lako.

Hapo tumefika kwa hofu ya mama, na hofu yake ina msingi. Rubani anahitaji kibali cha usalama, na fomu yake, SF-86, inauliza kuhusu ndugu walio nje, mnawasiliana mara ngapi, kama yupo anayefanya kazi serikalini au jeshini kwao, na hata kama umewahi kumsaidia kifedha mtu asiye raia. Yaani zile dola hamsini mnazomtumia bibi kila mwezi zinaulizwa. Kuwa na ndugu Bukavu au Nyarugusu hakukuondoi kwenye orodha. Kinachowatia wachunguzi wasiwasi ni majibu yasiyolingana: leo una wajomba wawili, mwakani wanne. Kaeni na mama jioni moja, andikeni orodha ya ndugu wa karibu, majina kamili, walipo, kazi zao. Amueni pia "mjomba" wa kweli ni nani na ni nani tunamwita hivyo kwa heshima, maana fomu inataka undugu wa damu na ndoa, halafu watu wa karibu wanaandikwa kwa jina lao. Chukueni risiti za kutuma pesa. Kama tarehe yako ya kuzaliwa ni 1 Januari, kama ilivyo kwa wengi waliosajiliwa kambini, au jina limeandikwa tofauti kwenye hati mbalimbali, shika lile la kwenye pasipoti ya Marekani kila mahali, na mengine uyaandike sehemu ya majina yaliyowahi kutumika. Wachunguzi wameshaziona 1 Januari nyingi. Hakikisha pia umejiandikisha Selective Service, daftari la wanaoweza kuitwa jeshini vita vikizuka, jambo linalowahusu wanaume wa miaka 18 hadi 25, wenye grini kadi pamoja nao.

Na bangi, hata kama rafiki zako wanaotoka majimbo mengine wanaona ni halali, kaa nayo mbali.

Umri wako si tatizo, ila uhesabu mbele. Jeshi la Anga linamfunga rubani miaka 10, na miaka hiyo inaanza kuhesabiwa anapomaliza shule ya urubani, siyo siku ya kusaini. Nchi Kavu nao ni 10. Marini na Wanamaji hutegemea aina ya ndege. Ukihitimu na 22, ukasubiri nafasi, ukasoma mwaka mmoja na zaidi, utakuwa huru ukikaribia 35. Kama kuna binti mnayezungumza mambo ya ndoa, namba hiyo aijue.

Hukuuliza kama ulipie masomo ya kuruka, lakini najua utauliza. Leseni ya kiraia haidaiwi na jeshi lolote, inahitaji angalau saa 40 angani, na gharama yake huzidi dola elfu kumi kwa urahisi. Saa chache zinaongeza PCSM, na vikosi vya Gadi hupenda kuona kwamba umeshagusa ndege. Kwa hali ya familia niliyoiona kwenye barua yako, lipia somo moja la majaribio katika uwanja mdogo ulio karibu, ujue kama tumbo lako linakubali. Fedha nyingine ziende kwanza kwenye pasipoti.